Ikupa wa Ipogolo, muuguzi wa sigara za umeme

Saa moja na robo asubuhi, baridi ya Juni bado imekalia Ipogolo, chini ya kilima cha mji wa Iringa, na Ikupa Andendekisye anatandika taulo safi juu ya meza yake. Juu ya taulo analazwa mgonjwa: sigara ya umeme, nyeusi, nene kama tochi ndogo. Haijawaka tangu juzi.

Madereva watano wa malori yaendayo Zambia wameizunguka meza, mikono mfukoni, kama watahiniwa wanaosubiri matokeo. Hakuna anayeegemea. Aliyeegemea mwezi uliopita aliagizwa akamalizie chai yake ng'ambo ya barabara, na alikwenda.

"Mwenye mali nani?" anauliza Ikupa.

"Mimi, dada."

Anayejibu ni Ambrosi, dereva wa miaka arobaini na mitano, mwenye mabega ya kubeba magunia mawili ya mpunga kwa mpigo. Leo sauti yake ni ya mtoto aliyevunja kikombe cha wageni.

Katika mfuko wa shati lake kuna pakiti ya sigara za kawaida. Ameinunua Ilula alfajiri hii na hajaifungua. Alivuta kwa miaka kumi na tisa, hadi daktari mmoja wa Mbeya alipomsikiliza kifua, akamuuliza ana watoto wangapi. Tangu siku hiyo, miezi minane sasa, amejishikiza kwenye hiki kifaa cha mvuke.

"Isipowaka hii, nawasha hizi," anasema, akigonga mfuko. "Foleni ya mpakani Tunduma ni siku mbili za kukaa bure. Najijua. Sitishi mtu, nasema ukweli."

Ikupa anavua saa yake ya mkononi, anaiweka kando, anaanza kazi.

Ana miaka thelathini na minne. Ufundi aliupata Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenye kibanda cha redio cha mjomba wake Obeid. Alihamia Ipogolo miaka sita iliyopita akimfuata mumewe, mwalimu. Alikuwa akitengeneza simu, basi, mpaka dereva mmoja alipomletea kitu alichodhani ni tochi.

"Nilibonyeza nikitafuta mwanga," anasimulia. "Ukatoka moshi unaonukia embe. Nikaiweka chini taratibu, nikasali kwanza."

Sasa hupokea sigara za umeme nne hadi sita kwa wiki, shilingi elfu tano kila moja. Simu ndizo zinazomlisha bado. Lakini simu hazikusanyi watu wazima watano kwenye baridi.

"Huyu Mnyakyusa angekuwa nesi," anasema Lea, muuza chai wa jirani, akipita na birika, "wagonjwa wangepona kwa kumwogopa tu."

"Kamwene, Lea," anajibu Ikupa kwa salamu ya Kihehe, bila kuinua macho. "Mpe Ambrosi chai. Anampumulia mgonjwa wangu."

Ugonjwa wa kwanza anaujua kabla ya kukifungua kifaa. Kitangi cha dawa, yaani maji ya nikotini yanayogeuka mvuke, hufungwa kwa kuzungushwa juu ya mwili wenye betri, na katikati kuna pini ndogo inayopitisha umeme. Dereva wa lori, ambaye maisha yake yote amefundishwa kwamba nati isiyolia haijakazwa, hukaza kitangi kama nati ya tairi. Pini inazama. Juu na chini vinaonana lakini havigusani.

"Hiki kinakazwa kwa vidole viwili," anasema. "Wewe ulitumia nini?"

Ambrosi anatazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Vyote."

Ikupa anachukua sindano ya kushonea. Anaivuta pini juu, kiasi cha unene wa ukucha, pumzi ameishika. Madereva nao wameishika. Kisha anafuta kutu kwa raba ya penseli na tone la spiriti, mara moja, mara mbili. Wanaume waliovuka mto Kafue usiku na breki mbovu wanatazama raba ya mtoto wa shule ikitembea, na hakuna anayethubutu kukohoa.

Halafu anafungua kitako, betri ya mviringo inateleza nje, na pamoja nayo inadondoka karatasi inayong'aa kama fedha, iliyokunjwa mara nne. Ni karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara.

"Nani alikushauri?"

"Utingo wangu, na karatasi ni ya pakiti yake," anasema Ambrosi. "Lakini hata nyumbani, redio ya baba ikikataa, ndivyo tulivyofanya. Ikaimba miaka. Na hii iliwaka siku tatu, dada."

Madereva wawili wanageukia malori yao. Inaonekana redio za baba zao nazo ziliimba.

Ikupa anaigeuza betri. Ngozi yake ya plastiki imeyeyuka upande mmoja, pale karatasi ilipopitisha umeme njia isiyo yake. Anaiweka kwenye kifundo cha mkono wake, pale mama anapopima maziwa ya mtoto. Ina joto, na haijafanya kazi tangu juzi.

"Kifaa kimepona," anasema. "Betri sikurudishii."

"Ina moto bado hiyo."

"Ndiyo sababu."

"Dada, ni mali yangu."

"Ni yako, kaka. Itakaa humu." Anaizika katika ndoo ya mchanga iliyo hatua kumi kutoka mezani.

Kanuni hii ina historia. Miaka minne iliyopita, kijana wa mashine ya kukoboa mpunga ya Ubaruku, Silvester, alimharakisha, naye Ikupa akamrudishia betri ya simu iliyovimba. Usiku ule godoro lake liliwaka. Silvester alipona, ila mkono wake wa kushoto haufungi ngumi. "Alinishukuru kwa kumhudumia haraka," anasema Ikupa. "Hiyo shukrani ninayo mpaka leo."

Lakini Ambrosi haijui habari hiyo. Anachokiona ni fundi aliyechukua betri yake. Wenzake wananung'unika; mmoja anasema mafundi wa Mbeya hawana makuu haya. Ambrosi anatoa pakiti mfukoni. Ukucha wake unashika utepe wa plastiki.

Ndoo inafoka.

Kwanza sauti, kama chapati ikiwekwa kwenye mafuta. Kisha mchanga unainuka kidogo katikati, na moshi mweupe unatoka kwa nguvu, mnyoofu, mrefu kuliko mtu. Unadumu dakika nzima. Lea ameshikilia birika hewani.

"Hiyo ningekuwa nayo mdomoni," Ambrosi anasema baadaye, taratibu sana.

Pakiti inarudi mfukoni, utepe wake mzima.

Ikupa anafungua droo na kutoa betri moja. Ndiyo pekee aliyo nayo, anayoitumia kupima vifaa vya wengine. Nyingine itatoka Mbeya kwa basi la Ijumaa. Hadi hapo, wagonjwa wote wa Ipogolo watangoja. Anampimia chaji kwa mita, anaiingiza, anamkabidhi Ambrosi kitangi akifunge mwenyewe. Jitu lile linafunga kwa vidole viwili, ulimi nje. Taa ya kijani inawaka. Wanaume watano wanavua kofia zao, na labda ni jua tu limetoka.

Ikupa hadai kwamba mvuke ni tiba. "Mimi si daktari, na mapafu hayakuumbiwa embe," anasema. Anachojua ni kwamba Ambrosi alianza na dawa kali, sasa anatumia nyepesi, na anataka kufika Krismasi akiwa havuti chochote.

Mpango wake mwenyewe ni kupata kibanda chenye kuta, upepo usimpeperushie pini. Na anaomba jambo jingine, ambalo Lea anasema halijawahi kuombwa na mfanyabiashara mwenye akili timamu.

"Nataka siku moja Ambrosi apite hapa, sigara yake iwe imekufa mfukoni mwake, na awe amesahau kunionyesha."