Ndoo Yangu ya Senene Madume

Nilirudi kijijini kwetu Igurwa nikiwa hoi kwa kuzurura. Kila nilikokwenda, kwenye machimbo ya Geita hata mashamba ya Uganda, nilikumbuka migomba ya kwetu. Kwa hiyo Daktari, mtafiti wa wadudu aliyepanga chumba kwa shangazi yangu, aliponiahidi kazi ya msimu mzima, nilijua safari hii nitabaki nyumbani.

Alitaka senene, wale panzi tunaowala, madume tu, wakiwa hai. Alikuwa anachunguza jinsi mitokondria, vile vijisehemu vinavyoipa seli nguvu, zinavyoungana kuwa donge, kisha donge linavyorefuka kando ya mkia wa mbegu ya kiume.

"Kaka, dume na jike unawatofautisha?"

"Mimi mzaliwa wa hapa, Daktari!"

Kumbe kwetu kuchambua senene ni kazi ya wanawake. Mwanaume huletewa sahani. Asubuhi, kwenye majani yenye umande, niliona baadhi yao wana kitu kirefu nyuma, mfano wa upanga. Sikujiuliza zaidi. Wenye upanga niliwatia ndooni.

Daktari alimpasua wa kwanza, akachungulia kwenye hadubini. Akampasua wa pili.

"Kaka, haya ni mayai. Huo upanga ndio jike anaotagia. Wasio nao wako wapi?"

"Niliwaachia."

Shangazi alishika kiuno. "Waitu! Mwanangu, na mvi hizo bado unaamini mwenye kirefu ndiye dume?"

Daktari hakucheka. Alimgeukia shangazi.

"Mama, kesho utakuwa na nafasi?"