Nilivyosali Hesabu Mbele ya Padri

Juzi nilipanda kwetu, kwenye vilima vya Kirolirwe, na harufu ya maziwa yaliyofurika motoni kwa jirani ikanirudisha kwenye umri wa miaka tisa. Nusura nitafute pa kujificha, ndugu yangu, maana kwetu saa ya kuchemsha maziwa ilikuwa saa ya kuulizwa masomo.

Wazazi wangu walikuwa wamegawana kazi. Mama, akichambua maharage, alinifundisha sala, zote kwa Kiswahili. Papa alishika ya shule. Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini kuzidisha alikujua kwa Kifaransa, na tukilima aliniimbisha kwa kila pigo la jembe: deux fois un, deux, deux fois deux, quatre, yaani mbili mara moja, mbili, mbili mara mbili, nne. Nikikosea, tulianza upya.

Ikafika siku ya mtihani wa komunyo ya kwanza. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshashonwa, na aliyeshindwa alingoja mwaka mzima. Mimi nilikuwa narefuka vibaya. Mwaka uliofuata lisingeniingia.

Padri alikuwa mgeni, mpenda Kifaransa. Akaniambia, "Récite l'acte de foi."

Foi! Hilo nililijua. Nikafumba macho, nikaunganisha mikono, nikaanza kwa heshima zote: "Deux fois un, deux..." Nilipofika mbili mara saba, katekista aliyekaa kando ya padri akaangua kicheko. Kumbe padri alitaka sala ya imani; kwa Kifaransa "imani", foi, na "mara", fois, hutamkwa sawasawa, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Padri hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, na mimi machozi yakanitoka, nikiliona gauni likivaliwa na mdogo wangu.

Mama alikuwa mlangoni pamoja na wazazi wengine. "Padri, unisamehe," akasema. "Umuulize mu Kiswahili. Ile ya Kifaransa njo ya papa yake."

Nikaulizwa sala ya imani. Niliimwaga yote bila kupumua. Padri akafuta alichoandika, akatabasamu: "Amepita. Na hesabu yake iko juste, haina kosa."

Nyumbani Papa alicheka hadi akakaa chini. "Kumbe na mimi nilikuwaka namufundisha imani!" akasema, na wiki nzima alitembea kifua mbele.

Sasa wote wawili wamezikwa, shamba linalimwa na wengine. Sala ile naijua kwa lugha zote mbili, sikosei hata neno. Ningefurahi kuikosea tena, mradi wawepo wa kunisikia.