Mama Aliyefutwa Kabla ya Kuhamishwa

Usiniangalie hivyo. Nilikuwa mzima, sijanywa kitu, na jua lilikuwa limeshachomoza ingawa ukungu wa Mbulu ulilificha. Mimi ni mtu wa kompyuta. Mambo ya mizimu nilikuwa nayacheka hata mbele ya bibi yangu, nyumbani Endagikot. Sasa sicheki tena.

Nilikuwa natunza ghala la takwimu la mradi mmoja wa afya. Zahanati za Mbulu na Hanang zilituletea habari za wagonjwa wa kifafa, nasi tukaziingiza kwenye kompyuta kuu. Kila mwezi kompyuta ile ilichapa orodha, na dawa ziligawiwa kwa orodha hiyo. Asiyekuwemo hapati. Na mwenye kifafa akikosa dawa anaanguka popote alipo, hata jikoni penye moto. Hilo nililijua, tena vizuri.

Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa, sisi tukakatwa kutoka Arusha na vijiji vyetu vikapewa namba mpya kwenye mfumo. Mtaalamu wetu aliyekuwa Arusha akaandika mabadiliko ya programu, akayapa namba. Kazi yangu ilikuwa kuyahamisha kutoka kompyuta ya majaribio kwenda kompyuta kuu, moja baada ya jingine, kwa mpangilio ulioandikwa daftarini. La saba liliingiza vijiji vipya. La nane liliwahamishia wagonjwa kwenye vijiji hivyo. La tisa lilifuta chochote kilichobaki kwenye namba za zamani. Hata mchunga ng'ombe anaelewa: ukifungulia ndama kabla ya kukamua, utakamua nini?

Ijumaa moja la nane likakwama katikati. Wagonjwa wa Katesh walihama, wa Balangdalalu walihama, wa Yaeda Chini wakabaki. Mtaalamu akaniambia kwa simu nisubiri, Jumatatu atatuma marekebisho, na la tisa nisiliguse kabisa. Lakini nje gari la kwenda sendofu, sherehe ya kumuaga binamu yangu anayeolewa, Dongobesh lilikuwa linapiga honi, na mimi nilitaka niandike daftarini kwamba kazi imekwisha. Nikaingiza la tisa. Nilijiambia nakala ya akiba ipo, nitarekebisha Jumatatu.

Jumatatu nikakuta nakala ya akiba imejiandika upya Jumapili, kama ilivyopangwa kila wiki. Yaeda Chini yote haikuwepo, si kwenye kompyuta kuu wala kwenye nakala. Ningesema siku ile ile, kadi za karatasi zilikuwa bado kwenye zahanati, tungeziingiza upya. Sikusema. Niliogopa kufukuzwa kazi. Mtaalamu alipouliza, nikamjibu kila kitu kiko sawa. Kisha masika yakakata barabara ya kushuka bondeni Yaeda Chini, na watu wa huko wakadhani dawa zimechelewa kwa sababu ya tope. Tope likanisitiri, nami nikashukuru. Unaona nilivyokuwa?

Orodha ya pili ilikuwa imeshatoka bila wao, siku ninayokuambia. Asubuhi ya ukungu mzito, niko peke yangu ofisini. Nainua macho, mama mmoja amekaa kwenye kiti cha wageni. Wa umri wa mama yangu, kajifunika shuka, mkono wa kulia umeviringishwa kanga. Sikusikia mlango. Nikasimama haraka nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

Hakuitika.

Wewe unajua kwetu. Mtu mzima anaweza kukuchukia, anaweza kukunyima hata maji, lakini shikamoo yako ataiitikia. Salamu kwanza, ndipo haja. Yule mama alianza na haja. Alisema kwa sauti ya chini, "Nitafute humo. Paskalina Tluway, wa Yaeda Chini."

Nikatafuta, ingawa nilijua. Nikatafuta kwa jina lake, kwa jina la baba, kwa kijiji. Ningeweza kumwambia kompyuta ni mbovu, arudi kesho. Uongo nilikuwa nimeshauzoea. Siku ile ulimi ulikataa.

"Jina lako halipo, mama."

"Najua halipo," alisema. "Nilitaka uniambie wewe."

Nikamwamkia tena kama mtoto, nikijidanganya kwamba mara ya kwanza hakusikia. Akaniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Marahaba nitakuitikia siku utakayonikuta kwenye orodha ya dawa," akasema.

Nikainama kutafuta kalamu niandike jina lake. Nilipoinuka, kiti kilikuwa kitupu. Chumba kilinuka nguo iliyoungua. Mlinzi wa getini, mzee asiye na utani, aliapa kwamba tangu alfajiri hajamfungulia mtu zaidi yangu.

Saa hiyo hiyo nikampigia mtaalamu nikakiri. Kesho yake mimi na dereva wa mradi tukateremka Yaeda Chini na dawa, tukisukuma gari kwenye tope njia nzima. Nesi wa zahanati akanitolea boksi la kadi. Kadi ya Paskalina Tluway ilikuwa imetengwa, imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba amefariki. Dawa zilipokwisha, alisema nesi, mama huyu alianguka jikoni, mkono wa kulia ukaingia motoni. Alizikwa wiki moja kabla ya asubuhi ile aliyokaa mbele yangu. Niamini au usiniamini, nililia pale sakafuni mbele ya wagonjwa.

Wengine wote niliwarudisha kwa mkono wangu, kadi moja moja. Yeye pia nilimwingiza. Lakini kwenye orodha ya dawa huchapwa walio hai tu. Unaelewa maana yake? Kila mwezi naisoma mstari kwa mstari, najua hatakuwemo, na bado nasoma.

Wewe unayefanya kazi kama yangu, nakuomba. Usiingize la kufuta kabla hujajua nani bado hajavuka. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama mkate wako utakwenda. Mimi siku ile, kabla ya kurudi Mbulu, niliomba nipelekwe kwenye kaburi lake. Nikavua kofia, nikamwamkia. Nikasimama pale nikisubiri, mpaka dereva akaja kunishika mkono.