Kikombe Katika Boti ya Pimamaji

Mtaani walimwita Pimamaji, kwa jina la kile kifaa cha mafundi chenye kichupa cha maji na kiputo cha hewa kinachotulia katikati pale kitu kinapolala sawa. Hakuachana nacho. Siku mkewe alipojifungua mtoto wa kwanza, wauguzi walimkuta amekilaza juu ya benchi la kusubiria, na kabla hajauliza kama amepata mvulana au msichana, akawaambia kwamba benchi lao linainama.

Maisha yake yote seremala huyu alitengeneza milango na makabati ya nyumba za watu. Ya kwake hakuwahi kuwa nayo. Uzeeni, yeye na mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, waliishi katika chumba cha nyuma kwa binti yao mkubwa. Cherehani ya mama huyo, ile ya chuma ya kukanyaga, ilibanwa kati ya kitanda na dirisha, na wajukuu wakipita iliwagonga magoti. Binti hakuwasema hata siku moja. Lakini kwa mtoto ni kwa mtoto, na kwako ni kwako.

Ndipo msimamizi wa karakana ya meli, ambaye Pimamaji alikuwa amemtengenezea milango ya ofisi, alipomwambia achukue boti ya uokozi iliyolala uani juu ya nguzo. Ilitoka katika meli iliyokwisha kuvunjwa. Rangi yake ya chungwa ilikuwa imefifia, ilifunikwa juu kama yai, na ndani ilijaa mabenchi na mikanda ya abiria wa kukimbia meli inayozama. Meli yenyewe ilizeeka bila kuzama, kwa hiyo boti haikuwahi kumwokoa mtu. Pimamaji aliingia akiwa ameinama, akakaa kidogo katika harufu ya dizeli na mpira, akatoka na nyumba kichwani.

"Tutahamia humo," alimwambia mkewe. "Tutapita pwani kwa pwani tukiwatembelea watoto. Tukichoshwa na mji, tunafungua kamba."

"Baba Watoto, hicho ni chombo cha watu waliokata tamaa."

"Ndiyo maana kina viti vingi."

Mama alicheka bila kutaka, kisha akaweka sharti. Siku atakayoweka kikombe cha chai juu ya meza ya humo kikatulia, atahama. Kabla ya hapo cherehani haitoki kwa binti. Na ukoo mzima ulijua kuwa cherehani ilipo ndipo mama alipo.

Kwa Pimamaji sharti hilo lilikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi. Kumbe.

Alipokwisha kung'oa mabenchi, aligundua kwamba hajui ukuta unaanzia wapi. Katika nyumba, sakafu ni sakafu na ukuta ni ukuta. Humu sakafu ilipanda taratibu mpaka ikawa ukuta, na ukuta ukajikunja mpaka ukawa dari, wala hapakuwa na kona hata ya kuegemeza ufagio. Alipima upana akiwa mlangoni, akakata ubao, na ubao ukagoma kuingia kwa sababu hatua moja mbele upana ulikuwa umebadilika. Akapima tena. Akapata jibu la tatu. Alikaa sakafuni, au ukutani, hakuwa na hakika, akautazama utepe wa kupimia kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyewahi kuwa fundi injini wa kivuko, alikuja kufufua injini. Alikuja pia kusema.

"Shemeji, unajenga kabati au unalivalisha yai suruali?"

"Shika taa, acha maneno."

"Taa nimeshika. Nauliza tu, hapa juu ni wapi?"

Hata Pimamaji mwenyewe alikuwa akijiuliza. Katika vurugu hiyo yote kitu kimoja tu hakikumchanganya: kile kiputo cha hewa. Kila ubao aliulaza chini yake. Kitanda kikawa sawa, jiko likawa sawa, na meza, aliyoigandisha kwa gundi na skrubu mpaka hata tembo asingeing'oa, ikawa sawa kuliko zote. Aliweka juu yake gololi ya mjukuu. Gololi ikatulia kama imelala usingizi.

Siku ya kuishusha majini, mama alikuja na chupa ya chai na kikombe kimoja cha bati. Kreni iliinyanyua boti, ikaitua majini. Ikaelea wima, imetulia, hata wafanyakazi wa karakana wakapiga makofi. Pimamaji alimshika mkewe mkono wakaingia. Mama alitazama kitanda, mapazia, rafu za vyombo, uso ukaanza kulegea. Akamimina chai. Akaweka kikombe mezani.

Kikombe kikaondoka.

Kilikwenda polepole upande wa kulia, kwa adabu, kama mgeni anayeaga, mpaka mama alipokidaka ukingoni.

Pimamaji alichomoa pimamaji yake. Kiputo kilikuwa kimekimbilia mwisho wa kichupa. Akaigeuza huku na huku, kama fundi anavyokagua kifaa kilichoharibika. Kiputo kikarudi upande ule ule. Basi kifaa ni kizima. Akachungulia dirishani.

"Maji," alisema kwa sauti ndogo. "Yawezekana maji ya hapa yameinama?"

"Maji?" Shemeji alisema kutoka kwenye injini. "Shemeji, hicho kifaa chenyewe kinapima kwa maji!"

Shemeji akatoka nje, akaenda mpaka zile nguzo zilizoibeba boti miezi yote, akarudi akifuta macho kwa kicheko. Nguzo za kushoto zilikuwa zimedidimia ardhini. Boti ilikuwa imelalia kushoto tangu siku ya kwanza, na Pimamaji alikuwa amenyoosha kila kitu ndani ya kitu kilichopinda. Sasa boti imesimama wima, vyote vimeinuka kushoto na kuteremka kulia.

Pimamaji alielewa kila neno lakini hakuelewa lolote. Meza ile ile, gundi ile ile. Jana sawa, leo kombo, na hakuna aliyeigusa. Aliwaza kung'oa vyote aanze upya, akakumbuka skrubu alizozizamisha, akaghairi. Hakuthubutu kumtazama mkewe. Kikombe kilikuwa kimekwisha kutoa hukumu.

Akiwa na kikombe mkononi, mama alihamia kushoto, akaketi kwenye kitanda. Boti ikajitingisha kidogo. Akatazama meza.

"Kaka, njoo ukae hapa."

Shemeji akaja. Boti ikalalia kushoto kidogo zaidi. Mama alinyoosha mkono, akaweka kikombe mezani. Kikasogea unene wa kidole, kikasita, kikabaki.

"Mteja akiwa na bega moja chini," alisema, "simtumi kwa daktari anyooshwe. Namshonea koti lake."

"Lakini boti itakuwa upande!" Pimamaji alilalamika. "Meza inyooke, boti ipinde? Ipi iliyo sawa sasa?"

"Itakwenda," Shemeji alisema. "Polepole, kando kando, siku za maji matulivu. Ila itakwenda kama mtu anayetega sikio kwa jirani."

"Sanduku la vitambaa likae hapa," mama aliendelea, akipiga ubao wa kushoto kwa kiganja. "Na sanduku lako la vyuma. Na hapa, cherehani."

Pimamaji alikuwa amekwisha piga magoti, akipima nafasi. Akasimama ghafla, akagonga kichwa kwenye dari, au ukutani.

"Ngoja kwanza. Hiyo cherehani ni ya uzito, au... umekubali?"

"Nimesema cherehani ikae hapa."

"Nimesikia. Nauliza maana yake."

Mama alichukua kikombe, akanywa chai iliyokuwa imeanza kupoa, akakirudisha pale pale.

"Baba Watoto," alisema, "wewe pima. Usije ukanibana na dirisha tena."