Gari Lililokataa Kurudi kwa Baba

Gari la rimoti sitaki kuliona tena. Lile la baba lilinitosha.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika Bariadi, na maduka yakajaa vitu vya plastiki vya kila rangi. Baba alikuwa amepigwa kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, na kaka zangu wakamnyang'anya plau kule kwetu Ngulyati, eti maksai wanakwenda mrama. Alipouza pamba akaenda Maswa, akarudi na gari jekundu la kuchezea. Mzee mzima! Mama alishika kichwa.

"Siku nitakapolizungusha ule mti wa mnyaa pale uani na kulirudisha hapa kwenye kigoda changu," baba akasema, "plau narudishiwa."

Kaka zangu wakakubali huku wanacheka.

Mzigo ukaniangukia mimi, fundi redio. Kweli usukani ulikuwa na kasoro, ulivuta kushoto. Nikafungua, nikakuta springi ya kunyoosha magurudumu imechoka, nikaweka ya kalamu. Likanyooka. Baba akakaa kigodani, akajaribu. Likaenda vizuri, likazunguka mnyaa, lakini kurudi likamkwepa.

"Halisikii," akasema.

Nikabadilisha mota ya usukani, nikafunga ya redio kaseti, yenye nguvu. Halisikii! Nikayavisha magurudumu mpira wa ndala yashike vumbi, yakawa mazito, usukani ukagoma kabisa. Nikayavua huku nikimtukana aliyelibuni na ukoo wake wote. Redio za watu zimelala kibandani, wenyewe wanakuja juu.

Kilichoniudhi zaidi, kwangu lilitii. Nililifuata nyuma uani kote, kulia likaenda kulia, kushoto likaenda kushoto. Nikimkabidhi baba, linapotea. Nikaanza kuamini kwamba tatizo ni ule mkono. Naye akaanza kuamini.

"Ng'wana wane, mwanangu, acha tu," akaniambia kwa sauti ndogo. "Liuze."

Hasira zikanipanda. Nikamwinua kigodani, nikakaa mimi, nikashika rimoti. Likaenda, likazunguka mnyaa, likageuka kunitazama. Nikabonyeza kulia, likaenda kushoto. Nikabonyeza tena kwa nguvu, likajichimbia kwenye majivu ya jikoni kwa mama. Hapo ndipo akili iliponijia. Likija kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na sisi tangu tuzaliwe tumeswaga kila kitu kutokea nyuma.

Baba alikuwa anaitazama mikono yangu miwili mizima. Akaanza kucheka, akacheka mpaka mate yakamtoka upande ule uliolegea.

"Kumbe na wewe umepooza!"

Nilipomweleza, akachukua rimoti, akalifuata gari nyuma kwa miguu, polepole, akalizungusha mnyaa, akalifikisha kigodani. Kisha akawageukia kaka zangu waliokuwa wakitazama, na sasa hawacheki.

"Asubuhi mnifungie maksai," akasema.