Nilimwandikia Mama Mkwe Kwamba Atatoweka

Kosa ni langu, sitafuti pa kulitupia. Nilimchora mama mkwe wangu kwa hasira, nikamtawanya wilaya mbili nzima. Aibu gani hii!

Nina mtoto mmoja, ndiyo kwanza anaanza kukaa. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja hapa Kasulu. Mtoto alilelewa na mama mkwe, mtu wa kijiji cha Murungu, anayejua majani yote ya porini na kunichosha roho kwa kuyajua.

Siku moja mkubwa wangu wa kazi akaniletea ripoti ya kamati, habari za tiba ya miaka ijayo. Mashine za kumulika mwili, sindano zisizouma, mambo makubwa! "Binti, ipange ipendeze," akasema. "Weka na picha. Wageni hawasomi, wanatazama."

Sasa sikieni ujinga wangu. Asubuhi ileile nilimkuta mama mkwe akimwogesha mwanangu kwa maji ya majani, kijani kama mchuzi wa kisamvu! Nikafoka. Akanijibu, "Mumeo nilimwogesha hayahaya. Kwani alikufa, ukaolewa na mzimu?"

Nilifika kazini ninachemka. Nikatandika stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia, nikashika kalamu ya chuma. Ukurasa wa kulia nikachora daktari kijana na mashine yake. Wa kushoto nikachora bibi kizee: kiko mdomoni, pua pana, meno mawili, kapu la majani. Chini nikaandika: "Tiba hii itatoweka." Nikazungusha mashine ya kuchapia huku nacheka peke yangu. Mshenzi mimi!

Nakala zikaenda mashuleni, zahanati, hadi Kibondo. Moja ikafika kwenye mashine ya kusaga, mkononi mwa mwalimu. Mama mkwe yuko kwenye foleni na debe lake la mahindi. Watu wakamtazama yeye, wakatazama karatasi, wakashika mbavu. Akaomba asomewe, kisha akaichukua karatasi.

Alirudi nyumbani, akanikabidhi mtoto. "Mkamwana, nitatoweka lini? Niambie, nifunge mizigo."

Kesho yake akapanda basi.

Tangu hapo napiga taipu mtoto yuko mgongoni. Juzi kalamba wino, mdomo mweusi kama chungu! Mkubwa ameniambia wazi: nipate mlezi au nikae nyumbani. Na mume wangu? Anacheka tu, mjinga yule!

Jumapili nikamfuata Murungu, nikapiga magoti mlangoni, nikamsalimia kwa lugha ya kwao. "Mwakeye, mama." Kuinua macho, naona picha yake ukutani, imebandikwa kwa uji wa muhogo! Maneno ya chini yamekatwa kwa kisu.

"Sura nimeipenda," akasema. "Ila nina meno matatu. Umeniibia moja."

"Basi turudi, mama. Nisamehe."

"Nitarudi maneno yale yakishatoweka. Yote. Ya hapa nimekata mimi, yaliyobaki ni yako."

Jamani! Nitazunguka shule ngapi na mtoto mgongoni?

Wanawake wenzangu, ukiudhika na mkweo, gombaneni kwa mdomo, yaishie jikoni. Karatasi ikishatoka huikimbizi!

Na wewe uliye na ripoti ile, nakusihi, chukua mkasi. Kata maneno. Sura usiiguse. Na kama kalamu iko karibu, mwongezee jino.