Karabai na Dagaa Tisa

Kadi hii ya boksi bado inanuka sabuni. Utotoni, Ujiji, tulizikata wenyewe kutoka maboksi ya sabuni, tukazichorea samaki: mkubwa humla mdogo, na mshindi huchukua kadi zote mbili. Kila mtoto alipanga fungu la kadi kumi. Sote tulijaza sangala na kuhe, samaki wakubwa wa ziwani. Kadi ya karabai, taa ya wavuvi, hakuna aliyeitaka, maana haikuweza kumla samaki yeyote.

Kisha akaja msichana aliyekimbia vita ng'ambo ya ziwa na mama yake, wakapokewa kwa jirani. Fungu lake lilikuwa karabai moja na dagaa tisa. Tukacheka. Akaweka karabai, halafu akawamwaga dagaa wote juu ya sangala wangu.

"Kadi huwekwa moja moja," nikasema.

"Kwani baba zenu wakiwasha karabai, huvua dagaa mmoja mmoja?"

Akamchukua sangala.

Usiku huo sikulala, nikipanga mafungu kichwani. Nilitaka kumwonyesha fungu langu jipya, lakini asubuhi lori lilikuwa limekuja kuwapeleka kambini. Akaniachia karabai.

"Na dagaa?" nikauliza.

"Watakuja. Wewe iwashe tu."

Kila ninapohamia nyumba mpya, kadi hii huwa ya kwanza kuwekwa dirishani.